Namna ya Kutoka Supamaketi na Chumvi Peke Yake

Andika orodha. Hivyo ndivyo wanavyoanza wote wanaotoa ushauri wa kubana matumizi, na inaonekana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutumwa dukani na mwenzake. Orodha uliyoiandika mwenyewe ina nafuu, maana unaujua mwandiko wako na unajua umeificha wapi chokoleti. Lakini orodha uliyotumiwa kwa simu, umesimama kwenye mwendokasi, kwapa la mtu likiwa usoni, hiyo ni habari nyingine. Inasema: "Pitia dukani uchukue chumvi na vile vitu." Chumvi inaeleweka. "Vile vitu" havina idadi wala jina, na mwanamume anayeogopa kurudi nyumbani bila kimojawapo atabeba kila alichowahi kukiona jikoni kwake, pamoja na vingine ambavyo hajawahi kuviona ila anahisi vilipaswa kuwepo.

Kwa hiyo tujiwekee lengo dogo linalopimika: uingie supamaketi, utoke na chumvi. Pakiti moja. Anayeliweza hilo anaweza pia kufunga Ramadhani huku akiwa mpishi wa hoteli. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam, lakini wa Mwanza na Mombasa wanaweza kuutumia bila kuomba ruhusa.

Kwanza mjue aliyekutegea. Anaitwa Clarence Saunders, na hasira zako zote za mwisho wa mwezi zielekeze kwake. Zamani huko Marekani duka la vyakula lilikuwa na kaunta: mteja anasimama upande huu, muuzaji upande ule, mteja anataja, muuzaji anapima na kufunga. Mwaka 1916, mjini Memphis, Tennessee, Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly, akaiondoa kaunta ili apunguze gharama za wauzaji. Mteja akapitishwa kwenye kigeti cha kuzunguka, akapewa kikapu, kisha akatakiwa kufuata njia moja iliyojipinda mbele ya kila rafu hadi kwa keshia. Mpango wa duka hilo aliupatia hataza mwaka 1917. Kazi iliyokuwa ikilipiwa mshahara sasa unaifanya wewe bure, na ukiwa kazini unapita mbele ya vitu elfu moja ambavyo hukuvifuata. Ndiyo maana chumvi iko mwisho kabisa, nyuma ya vyombo vya plastiki, mkabala na sabuni za kulainisha nguo.

Kosa la Saunders lilikuwa mkono wa mwanadamu. Mkono unachoka. Huko Oklahoma City, mwenye maduka mwingine, Sylvan Goldman, aligundua kwamba wateja wake wanaacha kununua pale kikapu kinapokuwa kizito. Mtu yeyote mwenye huruma angefurahi: Mungu kawapa watu breki begani! Goldman hakufurahi. Mwaka 1937, akichukua wazo kutoka kwenye kiti cha kukunja, alitengeneza toroli la kwanza la dukani. Wateja walilikataa. Wanaume waliona litawafanya waonekane hawana nguvu, na wanawake walisema magari ya watoto waliyosukuma yanawatosha. Goldman akaajiri watu wajifanye wateja, wazunguke dukani wakisukuma matoroli kwa furaha. Wenye akili zao wakawaona, wakaona aibu kubaki na vikapu, nao wakasukuma. Hadi leo wanasukuma.

Basi toroli usiliguse. Hata kikapu cha dukani kiache pale mlangoni. Inafaa uingie mkono mmoja ukiwa mtupu kwa ajili ya chumvi, na wa pili umeshika kitu kizito. Mtoto wa miaka miwili anafaa, kwa sharti kwamba amelala. Aliye macho ni wakala wa makampuni ya biskuti na hana mshahara. Kama huna mtoto, beba mtungi wa gesi uliokwisha, wa kilo sita. Mlinzi akikuzuia mlangoni na mtungi wako, mshukuru kwa dhati, rudi nyumbani. Umeokoa zaidi ya wote waliokuwa humo ndani.

Ukifanikiwa kuingia, tembea umechuchumaa. Najua inaumiza magoti. Lakini bidhaa ambazo duka linataka sana uzichukue huwekwa usawa wa macho na kifua, na zile za bei nafuu, zenye pakiti zisizo na picha ya familia inayocheka, ziko chini karibu na vifundo vya miguu. Anayetembea wima anaona maisha ya watu wengine. Anayetembea amechuchumaa anaona sembe ya kawaida, sabuni ya mche na chumvi. Watu wakikuuliza, sema umedondosha lenzi ya jicho. Barakoa ulizonunua mwaka 2020 na hukuzimaliza nazo sasa zimepata kazi: vaa mbili kabla hujafika kona ya mikate, kwa sababu tanuri halikuwekwa pale ili wewe uvute hewa bure.

Kuna pia ushauri wa kula kabla ya kwenda dukani. Ni wa kweli, hauna kejeli yoyote, na ndiyo sababu hakuna anayeufuata.

Kifaa bora kuliko vyote, ambacho hakuna supamaketi iliyopata dawa yake, ni bibi. Bibi wa mjini hafai, huyo ameshaharibika. Mlete wa kutoka milimani, tuseme Lushoto, zinakotoka karoti na kabichi nyingi tunazokula Dar. Mvalishe raba, mwingize dukani, kisha mwache atangulie. Atasimama mbele ya karoti tatu zilizolazwa kwenye kisahani cheupe na kufunikwa nailoni. Ataisoma bei kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Halafu atauliza:

"Mjukuu wangu, hizi si za kwetu? Zimeugua nini hata zikalazwa?"

Atauliza pia maji ya chupa yana kosa gani hata yakafungiwa, na kwa nini nanasi limemenywa na mtu asiyemjua. Kijana aliyekuwa ananyoosha mkono achukue saladi ya matunda ataurudisha mfukoni. Bibi mmoja anaweza kusafisha korido nzima. Udhaifu wake ni mmoja tu: asipitishwe kwenye vyombo. Akiziona sahani zenye maua mekundu, hesabu zako zimekwisha, na wewe ndiye utakayebeba boksi hadi stendi.

Sasa chumvi unayo. Imebaki safari ya kwa keshia, nayo ni fupi na ya hatari. Kwenye foleni kuna rafu ndogo yenye pipi, bigijii, betri na nyembe, vitu ambavyo hakuna mtu katika historia ya Tanzania aliyetoka nyumbani kwa ajili yake. Viko pale kwa sababu ukisimama dakika tano mbele ya kitu, utaanza kukiona kina maana. Geuka nyuma. Mwangalie aliye nyuma yako machoni, bila kupepesa, mpaka zamu yako ifike. Utapata rafiki, au atahama foleni, na kwa vyovyote hutanunua betri.

Kisha bei. Chumvi haitaandikwa bei kamili, itakuwa na hamsini mwishoni. Kitu cha elfu tano kimeandikwa 4,950 ili jicho lisome elfu nne, na wewe ujione mjanja kwa kuokoa shilingi hamsini. Unampa noti ya elfu tano. Keshia anafungua droo, anaitazama, anakutazama. "Chenji hamna. Chukua pipi." Kwa hiyo umelipa elfu tano kamili na umenunua pipi, ile ile uliyoipa kisogo kwenye foleni kwa ushujaa mkubwa. Ushauri wangu ni kuzihifadhi. Ziweke kwenye kopo, zikifika za kutosha rudi nazo kwa keshia yule yule ulipie sukari. Kama pipi ni fedha inapotoka kwao, iwe fedha inaporudi. Nenda na mashahidi.

Usilipe kwa simu. Kubonyeza namba ya siri hakuumizi popote. Noti nyekundu ya Msimbazi ikitoka mfukoni inaacha shimo unalolisikia. Julai 2021 Serikali ilipoanzisha tozo za miamala ya simu watu walilalamika sana, nami pia, lakini lazima tukubali kwamba kwa muda ule watu walirudi kushika fedha taslimu, wakazihesabu mara mbili kabla ya kuziachia. Hiyo haikuwa nia ya tozo. Ukitaka ukali zaidi, lipa kwa sarafu za mia mbili tupu. Kabla hujamaliza kuhesabu utakuwa umerudisha nusu ya mzigo, na waliopanga foleni watakusaidia kurudisha iliyobaki. Mfuko mbadala ukiulizwa, kataa. Tangu plastiki ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019, kila nyumba ina mfuko mkubwa uliojaa mifuko mingine, na chumvi moja inaenea mfukoni. Risiti idai, si kwa ajili ya TRA peke yake: mlinzi wa mlangoni hajazoea kuona mtu anatoka na kitu kimoja, na atakushuku.

Wapo wanaosema njia rahisi ni kungoja supamaketi zenyewe zifungwe. Hili si wazo la kijinga kwa mji huu. Shoprite iliondoka mwaka 2014, ikawaachia Nakumatt maduka yake. Uchumi ikafunga mwaka uliofuata. Nakumatt nayo ikayumba hadi wadai wake kule Nairobi wakapiga kura ya kuizika, Januari 2020. Ningependa kuandika kwamba tuliziangusha kwa nidhamu yetu ya matumizi, lakini foleni za tarehe 28 za wakati ule nazikumbuka.

"Basi mimi nitanunua sokoni," unasema. Karibu. Supamaketi hukukamata kwa macho, soko litakukamata kwa masikio. Pale Ilala au Buguruni hakuna rafu iliyopangwa na mtaalamu, kuna kijana mwenye sauti. "Mama, nyanya za Ilula hizi! Dada, njoo nikushushie, wewe ndiye mteja wangu wa kwanza leo!" Ni saa kumi jioni. Ukijibu salamu umenunua. Ukiuliza bei umenunua mafungu mawili. Kwa hiyo ingia sokoni na uso wa msiba. Funga kanga kiunoni, tembea polepole, macho chini, pumua kwa nguvu kila baada ya hatua chache. Hakuna Mtanzania atakayemsukumia mfiwa bilinganya. Tatizo la njia hii ni kwamba atatokea mmoja, mwenye moyo, atakuuliza ni nani aliyefariki. Usijibu. Ukijibu zitachangwa rambirambi, nawe utalazimika kuzikataa, jambo ambalo linapingana na lengo la kuokoa fedha.

Fungu la nyanya ligeuze kabla ya kulipa: za juu zilichaguliwa kwa mapenzi, za chini zilichaguliwa kwa sababu zilikuwepo. Na kipimo kiangalie kwa kitako. Wakala wa Vipimo wamepigana miaka mingi na lumbesa, ule mtindo wa kushindilia gunia la mkulima mpaka livishwe kofia. Viazi vya gunia hilo vikikufikia wewe kwa sado, kitako cha sado kimebonyezwa ndani. Mkulima kapunjwa kwa kujaziwa, wewe umepunjwa kwa kupunguziwa, na katikati yenu kuna mtu anapandisha ghorofa Goba.

Jioni bei hushuka, hiyo ni kweli. Mwenye mchicha hataki kurudi nao. Lakini mafungu saba ya mchicha kwa nyumba ya watu watatu maana yake ni kwamba umelipa ili uhamishe taka za soko kwenda kwako.

Hapo ndipo watu huleta hoja ya friji, na hoja ya friji imefilisi wengi kuliko bia. Nunua kwa jumla, wanasema, uweke. Umenunua samaki wa wiki tatu pale Feri, kwa bei ambayo umeisimulia ofisi nzima. Siku ya nne umeme umekatika. Siku ya tano umerudi lakini LUKU imeisha. Siku ya sita unagawa samaki kwa majirani, na wanakuita mkarimu. Kuhusu sukari nisiseme mengi: mwanzoni mwa 2024 ilipoadimika hadi Serikali ikatangaza bei elekezi, kuna waliojaza mifuko ya kilo ishirini na tano chini ya vitanda. Bei ilipotulia walikuwa na sukari nyingi na sisimizi wa kuila.

Nimemwacha Mangi kusudi, kwa sababu yeye ndiye jibu, na si jibu la raha. Duka lake unalijua. Dirisha, nondo nene, nyuma yake Mangi, nyuma ya Mangi kila kitu. Tunaambiwa nondo ni za kuzuia wezi. Zitazame vizuri: anayezuiwa ni wewe. Huwezi kugusa, huwezi kugeuza, huwezi kuzunguka ukinusa. Ukitaka kitu lazima ukitaje kwa mdomo wako, kwa sauti, na nyuma yako kuna mama mwenye nyumba anayekudai kodi. Jaribu kusema mbele yake, "Mangi, nipe na biskuti za krimu, pakiti mbili." Haitoki. Inatoka, "Mangi, nipimie mafuta ya jero," na unaondoka ukiwa mtu mwenye heshima.

Watu wa hesabu watakwambia kwa Mangi unaibiwa, na hesabu zao ni sahihi. Tuseme sukari kilo ni elfu tatu. Nusu robo ni shilingi 375, ila nani ana sarafu ya 25? Inakuwa 400. Chukua nusu robo mara nane, utapata kilo kwa 3,200. Hizo mia mbili anazila. Kwa mwenye mshahara ni ada ya mlinzi: sukari ikiwa kilo nzima kwenye kopo, kijiko huchotwa na mlima juu yake, wageni huombwa waongeze, ikiwa nusu robo kwenye karatasi, familia nzima inajua chai ina mipaka. Kwa anayelipwa kwa siku si ada wala ujanja. Hana elfu tatu kwa pamoja, basi, na kila kitu anakinunua kwa bei ya juu kuliko aliyenacho. Mwongozo huu hauna cha kumfundisha. Yeye angeweza kuuandika kwa ukurasa mmoja.

Na Saunders? Mwaka 1923 alinunua hisa za kampuni yake mwenyewe kwa fedha za kukopa, nyingi kuliko alizokwenda kununua, na akapoteza kampuni pamoja na jumba la mawe ya waridi alilokuwa akilijenga Memphis. Leo ni makumbusho. Halafu, mwaka ule ule wa 1937 Goldman alipokuwa akihangaika na matoroli, Saunders akafungua duka jipya mjini humo humo, akaliita Keedoozle. Bidhaa zilikaa nyuma ya vioo. Mteja alipewa ufunguo, akachagua bila kugusa, na mashine ikamletea mzigo. Yaani aliyeiondoa kaunta aliirudisha, kwa gharama kubwa, na mashine zikawa zinaharibika. Angekuja Sinza tungemwonyesha inavyofanyika kwa nondo na kijana mmoja.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni kuweka nondo nyumbani. Chagua kabati la chakula, lizibe, acha kidirisha cha kupitisha mkono. Mwenzako akae ndani na daftari. Ninyi wengine mpange foleni na kutaja mnachotaka, nusu robo nusu robo. Utahitaji fundi wa kuchomelea, na hapa naomba umakini. Usiende mwisho wa mwezi. Usiende umevaa vizuri. Mwambie unataka nondo tano zilizonyooka, basi. Atakubali. Atachukua vipimo, atakuvutia kiti, kisha atatoa simu na kukuonyesha kazi aliyomfanyia mtu wa Mbezi Beach, yenye maua, mikuki ya dhahabu na vichwa viwili vya simba. Kichwa kimoja elfu thelathini. Ukichukua viwili, rangi ni bure.